Kibuyu Hakioshwi kwa Sabuni

Mama yangu hakuwahi kununua zawadi. Asingeweza. Tulikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Kericho, chumba kimoja na jiko la nje, na kila Desemba magunia ya mbolea yalipotupwa nyuma ya stoo, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaokota. Aliyafumua uzi baada ya uzi akiwa ameketi mlangoni, akaukunja uzi huo kwenye kipande cha kuni. Kutokana na nailoni hiyo ya mbolea tulipata vikapu, vitambaa vya meza, na mwaka mmoja hata soksi ambazo hakuna aliyeweza kuzivaa bila kuchubuka. Krismasi yetu ilikuwa karatasi za choo za rangi ya waridi, zilizosokotwa na kutundikwa kutoka pembe hadi pembe, na tawi la saipresi kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Majirani waliotoka Kisii kama sisi walikuja kutazama, na kila mmoja aliondoka na kitu mkononi. Mama alipenda kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Wa kwake haukuwa mtupu hata siku moja.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba kazi ya mikono sikufundishwa kwa huruma ya mtu. Nilikuja nayo.

Nilipoolewa sikwenda mbali. Kutoka kwenye laini zetu hadi bomani kwa mume wangu, karibu na Mogogosiek, ni safari ya asubuhi tu, na majani chai ni yale yale njia nzima. Lakini wao ni Wakipsigis wenye shamba lao, na mimi nilikuwa mtoto wa laini, binti wa wachuma chai wa kampuni. Neno hilo, mtoto wa laini, nililisikia jikoni wiki ya kwanza, kutoka kwa wanawake waliodhani bado sijaanza kuelewa lugha yao. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa siku ya kwanza. Ugeni sikuvuliwa.

Mama mkwe wangu tulimwita Kogo, yaani nyanya, kama watoto walivyomwita. Hakuwa mtu mbaya. Ningependa kusema alikuwa mbaya, ingerahisisha mambo. Alinipa ng'ombe wa kukamua, alinipa kipande changu cha bustani, na mtoto wangu wa kwanza alipougua alikaa nami hospitalini Kapkatet kwenye benchi mpaka tukaruhusiwa. Kitu kimoja tu hakunipa: hakuniruhusu kugusa vibuyu vyake vya maziwa. Vilining'inia ukutani juu ya meko, vimekuwa vyeusi kwa moshi, na mursik aliyoitengeneza humo, maziwa yaliyogandishwa ndani ya masizi, watu walitoka Merigi kuja kuyanywa.

"Maziwa inajua mkono," aliniambia. "Ikiguswa na mkono isiyojua, inakataa."

Kwa miaka mingi nilikamua, nikachemsha, nikapoesha, kisha nikampelekea sufuria naye akamimina mwenyewe. Nilikuwa kama mtu anayepika chakula asichoruhusiwa kupakua.

Alianza kunifundisha pale vidole vyake vilipopinda kwa baridi yabisi na hakuweza tena kushika kibuyu sawasawa. Binti yake, wifi yangu, alikuwa ameolewa Nakuru na alikuja Krismasi hadi Krismasi. Mtu wa karibu nilikuwa mimi, basi akanichukua mimi, jinsi mtu anavyochukua mwavuli wa jirani mvua ikinyesha.

Kibuyu kinaachwa kikauke kwenye mtambaazi wake. Unakata mdomo kwa kisu cha moto, unajaza maji, unaiacha nyama ya ndani ioze, unamwaga, unajaza tena, mpaka uchungu uishe. Nyumba inanuka na kila mtu anakununia. Unatia changarawe, unatikisa mpaka mikono iume. Kikishakauka ndipo kazi yenyewe inapoanza. Unachoma kijiti cha senetwet, kile kichaka chenye maua ya njano, unakiingiza ndani kikiwa kaa, na unakisaga kwa sosiot, fimbo ya mkindu iliyopondwa ncha mpaka ikawa kama brashi. Unasugua hadi masizi yashike ukuta wote wa ndani, laini na meusi. Masizi hayo ndiyo yanayolinda maziwa, na ndiyo yanayoyapa ile ladha.

"Na sabuni?" niliuliza siku ya kwanza.

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kama mtoto huoshwa kwa mafuta ya taa. "Sabuni haitoki," akasema. "Ikiingia kwa kibuyu, imeingia. Utakunywa sabuni mpaka kibuyu ipasuke."

Sikuuliza tena. Niliharibu vibuyu kadhaa kwa makosa mengine, kimoja nilikipasua kwa kaa kubwa mno, kingine kilioza maana nilikuwa na haraka. Kogo alicheka, akanipa kingine. Siku moja aliigeuza ile sosiot yake mkononi. Alikuwa amepewa na mama mkwe wake, na mpini wake ulikuwa umeingia mtelezo kwa kushikwa na wanawake wa boma lile peke yao.

"Hii nitapea mtu wa maziwa," alisema. "Sijui kama ni wewe. Tutaona siku ya msichana."

Msichana ni binti yangu. Posa yake ilikuwa imeanza kusemwa, na siku yenyewe, ambayo huku tunaita koito, ingekuwa Desemba watu wote wakiwa nyumbani. Wazee wa upande wa kijana wangekuja kuzungumza mahari, na kabla hawajaonja chochote, Kogo angeonja maziwa ya boma mbele yao. Jioni binti angepewa kibuyu hicho hicho awe nacho kwake. Kogo aliamua kwamba kibuyu cha siku hiyo nitakitengeneza mimi, tangu mbegu. Huo ulikuwa mtihani wangu na sote tulijua, ingawa hakuna aliyeutaja hivyo.

Nilikipanda karibu na choo ambako udongo ni mzuri. Nilikilea mwaka mzima kuliko nilivyowalea wengine wa wanangu. Shanga nilizinunua Kapkatet kwa mama mmoja mfanyabiashara, Mkikuyu, aliyenipimia kwa kifuniko cha chupa huku akiniuliza mbona sinunui kibuyu kilichokwisha kutengenezwa, vimejaa Kericho mjini, wanaandika hata majina ya maharusi. Nikamwambia sitaki cha jina. Nilitaka nyekundu, nyeupe na buluu. Ngozi ya mshipi nilipewa na Kogo, kipande cha ng'ombe wake wa zamani. Na kamba ya kuning'inizia niliisuka kwa uzi wa gunia la mbolea, kama mama yangu, nikaificha chini ya shanga ili isionekane ovyo. Kogo aliiona. Aliipapasa kwa kidole chake kilichopinda.

"Hii ni ya kwenu," alisema.

"Ndiyo, Kogo."

"Ina nguvu." Akakirudisha kibuyu mikononi mwangu. Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kidogo, kwa furaha, na sioni haya kusema.

Wiki ya koito wifi yangu alifika mapema kutoka Nakuru na gari lililojaa viti vya plastiki na maua ya karatasi. Ni mwanamke mwenye mikono ya haraka na moyo wa kusaidia, ninampa haki yake. Alifagia hadi mahali pasipofagiwa. Aliwatuma watoto, alipaka chokaa mawe ya njiani, alitundika baluni. Jikoni kibuyu changu kilikuwa kimesimama kwenye rafu, nimemaliza kukisugua kwa senetwet jana yake, kikingoja maziwa. Nilikuwa na majani ya kupeleka kwenye kituo cha kununulia, na siku hiyo gari la kiwanda lilichelewa kama linavyochelewa kila ukiwa na haraka. Niliporudi jioni sufuria ya maziwa niliyoiacha ipoe ilikuwa tupu.

"Nimekusaidia," wifi aliniambia, akijifuta mikono. "Nimeshaweka maziwa kwa kibuyu na nikafunga. Na vyombo zote nimeosha. Lakini wewe, jikoni yako iko na masizi! Hata vibuyu vinatoa maji nyeusi."

Nilimshukuru. Nilikuwa nimechoka, miguu ina matope hadi magotini, na kichwani nilikuwa nahesabu vikombe. Neno lake lilinipita kama upepo. Kibuyu kilikuwa kimefungwa, na kibuyu kikishafungwa hakifunguliwi mpaka siku yake.

Siku ilikuwa njema. Ukungu uliondoka mapema, wageni walifika na nyimbo zao, wazee wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya hema, simu zimeinuliwa kila upande. Nilikileta kibuyu mwenyewe. Nilisikia mama mmoja akisema shanga zimepangwa vizuri. Nilimimina. Yalitoka mazito, lakini yalikuwa meupe. Mursik huwa na rangi ya majivu kwa yale masizi, nami niliuona weupe ule, nikajiambia ni jua.

Kogo alichukua kikombe kwa mikono miwili. Akanywa. Akakaa nayo mdomoni. Kisha akageuza kichwa pembeni, kwa adabu, akatema kwenye nyasi.

"Sabuni," alisema.

Hakupaza sauti. Hakuhitaji. Vichwa vya wanawake viligeuka kwangu vyote pamoja, kama kuku wakisikia debe la mahindi. Mmoja akasema, si kwa kunong'ona sana, "Si tulisema? Ni mtoto wa laini."

Hapo ndipo lile neno lililonipita liliporudi. Maji nyeusi. Nilimtafuta wifi yangu kwa macho. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu na trei ya vikombe, na alikuwa anafuta kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu. Alikuwa ameelewa. Niliuona uso wake ukielewa. Ningeweza kusema, lakini mbele ya wakwe huwezi kumvua nguo binti wa boma, na yeye alijua siwezi. Basi nikamngoja. Neno moja tu lingetosha: ni mimi, nilisaidia vibaya. Wageni wangecheka, Kogo angemgombeza kwa mzaha, na siku ingeendelea. Aliendelea kufuta kikombe.

Kibuyu kingine kililetwa kutoka kwa jirani. Mzee wa upande wa kijana alitoa mzaha kwamba kwao maziwa yamezoea kuosha matumbo, watu wakacheka kwa shukrani, mazungumzo yakaendelea. Hakuna ng'ombe wa mahari hata mmoja aliyepungua. Kwa wengine wote jambo lilikwisha pale. Lakini ile video bado iko kwenye kundi la familia kwenye simu, na kila mwaka kuna mtu anayeicheka upya.

Jioni binti yangu alipewa kibuyu cha jirani. Nilimsaidia kuvua vazi lake, na yeye, mtoto wangu niliyemzaa, akaniambia kwa upole, "Mum, si ungenunua tu Kericho? Ziko poa, na hakuna stress." Nikamwambia ni kweli. Ungemjibu nini mtu siku kama ile?

Kogo aliniita kabla wageni wa mwisho hawajaondoka. Alinishika mkono, na ninakumbuka vidole vyake vilivyokuwa vigumu.

"Si kosa yako," alisema. "Mtu hawezi kujua kitu hajazaliwa nayo. Umejaribu."

"Kogo, si mimi niliyekiosha."

"Nani, basi?"

Nikamwambia. Alitazama upande wa binti yake aliyekuwa anakunja viti, akicheka na watu. Kisha akauachia mkono wangu.

"Mtoto yangu amekula kwa kibuyu tangu akiwa na meno moja," alisema. "Hawezi kufanya hiyo. Nimeshakusamehe. Usitafute mtu wa kubebesha."

Tusi ningelibeba. Nimezaliwa kwenye laini, matusi nimeyala na uji. Msamaha ule ndio ulionishinda. Nilisamehewa kosa ambalo sikulifanya, nikafanywa mwongo juu yake, na yote kwa sauti ya upendo. Mume wangu nilipomweleza alivua viatu polepole, akasema, "Wachana nayo. Ni kitu kidogo. Mama amesahau hata sasa." Damu ni nzito kuliko maji, na kumbe ni nzito kuliko maziwa pia.

Mama hakuwa amesahau. Asubuhi wifi alipokuwa anapakia gari, Kogo alitoka na sosiot yake imefungwa kwa kitambaa, akampa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria. Wifi aliipokea. Nilidhani pale angalau angesita. Akaiweka kwenye kiti cha nyuma, juu ya baluni zilizobaki, akanipungia mkono.

Niliiona fimbo ile mara moja Nakuru, tulipokwenda kwake Pasaka. Ilikuwa kwenye chombo cha maua sebuleni pamoja na manyoya ya tausi, na alikuwa ameipaka vanishi ili ing'ae. Nyuzi za ncha zilikuwa zimegandamana. Wageni wake waliuliza ni nini, naye akawaeleza vizuri sana, kuhusu mila.

Kogo ameshafariki. Tulimzika upande wa chini wa boma, pale shamba la chai linapoanza, na mpaka siku zake za mwisho nilimlisha maziwa yaliyotoka kwenye vibuyu vyangu, naye akayanywa bila kusema neno baya wala zuri. Nilingoja. Kila kikombe nilingoja. Mwishoni alikuwa anasahau majina yetu, lakini kila nilipokaribia na kikombe alikinusa kwanza.

Kibuyu cha koito ninacho bado. Siweki maziwa ndani yake, kwa sababu Kogo alisema kweli, sabuni haitoki. Naweka mbegu za wimbi. Vingine nimetengeneza vingi tangu wakati ule, vya Krismasi, vya arusi, vya watoto wa majirani wanaohitimu, na wanawake wale wale wa jikoni sasa wananiletea shanga zao na kuniita mwenye mkono mzuri. Nawatengenezea. Siwaulizi ni lini walibadili mawazo.

Mwaka huu wifi yangu alikuja peke yake, siku ya kawaida, si Krismasi. Binti yake ndiye anayeposwa sasa. Alitaka kibuyu, na alitaka kiwe changu. Nilikuwa nacho kimoja tayari, kizuri, mshipi wa shanga nyekundu na nyeupe, kamba ya uzi wa gunia. Alikigeuzageuza akikisifu. Kisha akatoa kitu kirefu kutoka mkobani, akakilaza mezani. Ilikuwa sosiot ya Kogo, bado inang'aa vanishi.

"Kaa nayo tu," alisema. "Ilikuwa yako." Hakunitazama. "Na siku hiyo utakuja ukioshe wewe mwenyewe, ama? Mimi naweza kuharibu."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo, au ndugu zake, kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani nikiyasikia kifua kitafunguka. Hakikufunguka. Aliyasema jikoni, sisi wawili tu na paka, baada ya sikio pekee lililokuwa na maana kwangu kufunikwa na udongo. Nilijikuta nimenyoosha mkono dirishani, kuelekea chini, kwenye msalaba ule kando ya majani chai.

"Mwambie yeye," nikasema.

Alitazama huko. Akakiweka kibuyu mezani, nami nilidhani atashuka kweli. Mlango ulikuwa wazi, na njia ni fupi. Kisha akaniuliza kama nina karatasi ya kufungia kibuyu, kisije kikagongwa garini.

Nilimpa gazeti. Nilikifunga mwenyewe, vizuri, tabaka juu ya tabaka, maana kibuyu hakikuwa na kosa. Na fimbo nikamrudishia. Nilimwambia ya kwangu ninayo, niliichonga mwenyewe.